Nyumba Iliyoimbiwa

Jioni ya tarehe 30 Aprili 1991, watu kama 200 waliingia katika jumba la Ryman mjini Nashville, jimbo la Tennessee. Enzi zake jumba hilo lilijaza zaidi ya watu 2,000 kwa usiku mmoja. Jioni hiyo wageni wote waliketishwa mbele, karibu na jukwaa, kwa sababu jengo lilikuwa limechakaa na hakuna aliyeruhusiwa kupanda roshani ya juu wala kukaa chini yake. Mwimbaji alikuwa Emmylou Harris, mwanamke wa miaka 44 ambaye tayari alikuwa na albamu zaidi ya kumi na tuzo kadhaa za Grammy. Aliimba usiku huo, akaimba wa pili, akaimba na wa tatu, mitambo ya kurekodi ikizunguka. Mwanzoni mwa 1992 ikatoka albamu yenye jina la At the Ryman.

Mimi ni fundi wa sauti. Kazi yangu ni kutega maikrofoni mbele ya watu wanaoimba na kuhakikisha kwamba kinachomfikia msikilizaji ndicho walichokitoa. Nimefundishwa na wengi, na wengine wao niliwapenda sana, lakini nikiulizwa ni wapi nilipoelewa kazi hii ni ya nini, nitaitaja albamu hiyo kabla ya darasa lolote.

Nilimsikia Emmylou kabla ya kumjua jina. Baba alikuwa karani katika kiwanda cha chai huko Kericho, na kama wanaume wengi wa rika lake pande zile, alikuwa mtu wa Don Williams. Asiyekulia Kenya huenda ashangae. Sisi hatushangai. Jim Reeves alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1964, na mpaka leo kuna nyumba nyingi ambazo Krismasi haijafika mpaka aimbe. Redio ya taifa ilikuwa na kipindi cha jioni, Sundowner, na nyimbo za aina hiyo zilipoanza, Baba aliacha gazeti. Katika kaseti yake mojawapo ya Don Williams kulikuwa na wimbo ambao bwana yule haimbi peke yake. Sauti ya mwanamke inaingia juu ya sauti yake, nyembamba, ikiwa na ufa mdogo kila mwisho wa mstari. Wimbo ni "If I Needed You", waliourekodi pamoja mwaka 1981. Mama hakuwa na haja na kantri, lakini wimbo huo ukifika alikuwa akiita kutoka jikoni, "Hebu ongeza sauti kidogo, Baba watoto."

Kuna jambo lingine ambalo nilikuja kulijua ukubwani, na linahusu kwetu kabisa. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akinasa muziki wa watu, alifika Kapkatet, si mbali na tulipokuwa tukiishi, akarekodi wasichana wa Kikipsigis wakiimba kwa kinubi cha chepkong kuhusu kiumbe aitwaye Chemirocha, nusu mtu na nusu paa. Chemirocha huyo alikuwa Jimmie Rodgers, Mmarekani aliyesifika kama baba wa kantri, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika vijijini zikachezwa kwa gramafoni. Rodgers alikuwa amefariki tangu 1933, na huku kwetu alikuwa ameshapata kwato. Mabibi zetu waliichukua sauti hiyo, wakaipima, wakaitungia wimbo wao kwa lugha yao na kwa ala yao. Kwa hiyo mtu akiniambia kantri ni muziki wa wenyewe tuliobandikwa na redio, simwelewi. Na banjo, ambayo wengi hudhani ni ala ya Wazungu wa milimani, babu zake ni ala za Afrika Magharibi zilizovuka bahari pamoja na watu waliouzwa.

Albamu ya Ryman nililetewa na binamu yangu aliyekuwa akisoma Marekani. Nilikuwa nimeanza kazi katika studio moja Nairobi, studio iliyofunikwa sponji kuta zote, na fundi niliyekuwa nikifanya kazi chini yake alitufundisha kwamba chumba kizuri ni kile kisichosikika. Nikavaa vifaa vya masikioni usiku, baada ya wateja kuondoka. Kitu cha kwanza kunishika kilikuwa makofi.

Mtu akipiga makofi mahali penye zulia na mapazia, sauti hufa palepale. Akipiga katika ukumbi wa mbao, sauti huondoka, hugonga ukuta wa nyuma, hurudi ikiwa imebadilika, na sikio lililozoea huweza kukisia umbali ilikotoka. Katika albamu hii makofi ni ya watu wachache, lakini yanasafiri katika nafasi kubwa. Unasikia viti visivyo na mtu. Unasikia urefu wa dari. Halafu inaingia fidla, na besi kubwa ya kusimama, na sauti ya Emmylou katikati yake, na kila mmoja wao anaonekana kuwa na mahali pake pa kusimama. Nilirudia wimbo wa kwanza mpaka mlinzi akaja kuuliza kama nitalala humo.

Jumba lenyewe lilijengwa kwa ajili ya sauti. Thomas Ryman alikuwa nahodha na mwenye meli za mtoni, aliyeokoka mwaka 1885 baada ya kumsikia mhubiri Sam Jones, akaazimia kujenga mahali ambapo wahubiri wangehubiria watu wote bila kuhitaji hema. Likafunguliwa mwaka 1892 kama hekalu la injili. Ryman alipofariki mwaka 1904 likapewa jina lake. Wakati huo hapakuwa na vipaza sauti, kwa hiyo jengo lilibidi limsaidie msemaji: viti virefu vya mbao kama vya kanisani, vilivyopindwa kulielekea jukwaa, na baadaye roshani inayokumbatia ukumbi ili hata aliye nyuma kabisa asiwe mbali. Mhubiri alipomaliza, walikuja waimbaji, waigizaji, wacheza dansi, wanasiasa. Waimbaji wa Fisk, chuo cha Waamerika weusi hapo hapo Nashville, waliimba humo pia.

Mwaka 1943 kikahamia humo kipindi cha redio cha Grand Ole Opry, kilichorushwa na stesheni ya WSM kila Jumamosi usiku. Kikakaa miaka thelathini na zaidi. Desemba 1945 kijana Earl Scruggs alipanda jukwaa lile na banjo yake pamoja na bendi ya Bill Monroe, na wengi huhesabu siku zile kuwa ndipo blugrasi, kantri ya ala za mbao, ilipozaliwa. Hank Williams aliingia Juni 1949. Hapakuwa na kiyoyozi, na nyuma ya jukwaa hapakuwa na nafasi. Wanawake waliokuja kuimba walibadilisha nguo chooni. Watu wakajipepea, wakatoka jasho, wakarudi wiki iliyofuata.

Machi 1974 Opry ikahamia jumba jipya nje ya mji, lenye kiyoyozi na maegesho ya kutosha, na Rais Nixon akaja kulifungua. Walikata duara la mbao kutoka jukwaa la zamani wakalipachika katikati ya jukwaa jipya, ili kila atakayeimba asimame juu yake. Jengo lililobaki mjini lilikuwa limewahi kupangiwa kubomolewa, na matofali yake yatumiwe kujenga kanisa dogo katika bustani ya burudani. Walikuwepo wanamuziki wakubwa walioona ni sawa tu, maana walikumbuka joto na panya. Wengine wakapinga kwa nguvu. Halikubomolewa, lakini halikupewa kazi pia. Watalii walilipia kuingia, wakapiga picha, wakatoka. Njiwa wakaingia.

Hapo ndipo Emmylou alipofika, na yeye naye alikuwa katika kipindi kigumu. Kwa miaka kama kumi na mitano alikuwa ameimba mbele ya bendi ya umeme, Hot Band, iliyopitiwa na mafundi kama James Burton, Albert Lee, Rodney Crowell na Ricky Skaggs. Akaugua mkamba vibaya. Mtu aliyewahi kuugua mkamba anajua unachofanya: pumzi inakatika katikati ya sentensi, seuze katikati ya wimbo. Kushindana na gita za umeme na ngoma kila usiku hakukuwezekana tena. Wakati huohuo redio za kantri zilikuwa zimegeukia sura mpya, vijana wenye kofia kubwa waliojaza viwanja.

Alichokifanya kinanigusa mpaka leo. Aliivunja bendi ya umeme akaunda nyingine ya ala za mbao, akaiita Nash Ramblers. Ningependa msomaji awajue, maana katika kazi yetu wapigaji husahaulika haraka mno. Sam Bush alishika fidla na mandolini. Bendi aliyoiongoza tangu 1971, New Grass Revival, ilikuwa ndiyo kwanza imevunjika. Roy Huskey Mdogo alipiga besi ya kusimama, ala ileile aliyopiga baba yake. Larry Atamanuik alikaa kwenye ngoma, akizigusa kwa upole mkubwa. Al Perkins alipiga dobro na banjo, na huyu alikuwa amepiga katika albamu za Gram Parsons, mtu aliyemwingiza Emmylou katika kantri na kumfundisha kuimba sauti ya pili kabla ya kufariki Septemba 1973 akiwa na miaka 26. Na upande mwingine alisimama Jon Randall, kijana wa miaka ishirini na ushei, mwenye gita na sauti ya juu safi. Kwa hiyo jukwaani palikuwa na shahidi wa ujana wake, na palikuwa na kijana ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanawe, na yeye katikati.

Watayarishaji walikuwa Richard Bennett na Allen Reynolds. Jina hilo la pili lilinifanya niinuke kitini nilipolisoma kwenye kasha. Allen Reynolds ndiye aliyetayarisha albamu za mwanzo za Don Williams alipoanza kuimba peke yake. Ndiye pia aliyekuwa akimtayarishia Garth Brooks, mfalme wa zile kofia mpya. Sauti iliyomfanya Baba aweke gazeti chini ilikuwa imepitia mikononi mwa mtu huyuhuyu, na mtu huyuhuyu, akiwa kileleni mwa biashara mpya, alikubali kubeba mitambo mpaka kwenye jengo bovu kumrekodi mwanamke ambaye redio zilikuwa zimeanza kumpa kisogo.

Halafu kuna nyimbo. Mwimbaji mkongwe akirekodi albamu ya jukwaani, kawaida hutoa vile vibao ambavyo watu wamevijia, na makofi huanza kabla hajafungua mdomo. Emmylou hakuleta hata kimoja kati ya vibao vyake vikubwa. Alifungua na wimbo wa Steve Earle, mtunzi ambaye kantri ya wakati ule haikujua imweke wapi. Akaimba wa Bruce Springsteen, wa John Fogerty, wa Nanci Griffith. Akazipanga bega kwa bega na nyimbo za Bill Monroe, na za zamani zilizopita Ryman kabla yake, na ule wa Stephen Foster wa mwaka 1854 kuhusu watu wenye dhiki wanaosimama mlangoni. Katika "Calling My Children Home" ala zinanyamaza kabisa, wanaimba kwa midomo mitupu, na kwa fundi wa sauti hapo hakuna pa kujificha: sauti za watu, na ukumbi unaozipokea. Mpaka leo nikifundisha vijana, ninawachezea wimbo huo kwanza, taa zikiwa zimezimwa, kisha ninawauliza dari iko juu kiasi gani. Hujibu bila kusita, na kwa kawaida hawako mbali.

Nataka kukaa kidogo juu ya jambo ambalo sijaona likisemwa sana, na ambalo kwangu ndilo kiini cha albamu. Ile roshani ambayo watu walikatazwa kukaa juu yake na chini yake iliongezwa mwaka 1897, wakati mji wa Nashville ulipowapokea maveterani wa jeshi la Kusini, jeshi lililopigana ili utumwa uendelee. Ikapewa jina lao. Ukumbi uliojengwa kwa ajili ya kuhubiri wokovu kwa watu wote ukavalishwa jina hilo. Sasa, mbele ya roshani hiyo, mwaka 1991, Emmylou anaimba wimbo wa Nanci Griffith kuhusu chuki inayorithishwa watoto, na bila kusimama anauunganisha na "Abraham, Martin and John", wimbo wa 1968 unaowalilia Lincoln, Martin Luther King na ndugu wawili wa ukoo wa Kennedy. King aliuawa Memphis, jimbo hilohilo la Tennessee. Emmylou mwenyewe alizaliwa Birmingham, Alabama, mji ambako mwaka 1963 watoto weusi waliachiliwa mbwa na mabomba ya maji.

Hakutoa hotuba. Aliimba tu, taratibu. Lakini mtu anayeijua nyumba ile anasikia kinachotokea: mwanamke mweupe wa Kusini, ndani ya kanisa kuu la muziki wa watu wake, anaziimbia majina hayo kuta zilizokuwa na jina jingine. Muziki wa kantri umekuwa na tabia mbaya ya kusahau nani aliyeleta banjo, na nani aliyemfundisha nani kupiga gita. Usiku ule, kwa nyimbo mbili zilizoshonwa pamoja, nyumba ilikumbushwa. Ndiyo maana simwamini mtu anayesema muziki wa mashina ni wa kulilia zamani. Aliyeshika mashina vizuri hushika na udongo wake wote, pamoja na sehemu inayonuka.

Na furaha ilikuwepo pia. Bill Monroe alikuwa ukumbini, mzee wa miaka 79. Bendi ilipoanza kupiga "Scotland", kipande chake cha fidla kisicho na maneno, mzee akainuka akacheza jukwaani na Emmylou. Ukisikiliza kwa makini utasikia watu wakipagawa kwa kitu ambacho kanda haiwezi kukuonyesha. Mtu aliyeipandisha blugrasi kwenye mbao zile miaka arobaini na mitano nyuma alikuwa akizikanyaga tena.

Albamu ikashinda Grammy. Emmylou mwenyewe akaingizwa katika Grand Ole Opry mwaka 1992. Lakini matunda makubwa yalikuwa ya jengo. Ni lazima niwe mkweli hapa, maana hadithi hii husimuliwa kirahisi kupita kiasi: wenye jengo walikuwa wameshaanza kurekebisha paa na kuta za nje mwishoni mwa miaka ya 1980. Kilichokosekana kilikuwa sababu ya kulifungua kwa ajili ya muziki. Baada ya wale watu 200, na baada ya maelfu kusikia mbao zile zinavyojibu sauti, sababu ilipatikana. Zikatumika dola milioni 8.5, likawekwa kiyoyozi, ngazi, vyumba vya wasanii, na Juni 1994 likafunguliwa tena. Viti virefu vya mbao vikabaki. Leo linajaa karibu kila wiki, na wanamuziki wa kila aina huhesabu kuwa ni heshima kuimba humo.

Nimewahi kufika. Nilikuwa Marekani kwa mafunzo, nikapanda basi mpaka Nashville, nikaingia mchana pamoja na watalii. Ni matofali mekundu nje, madirisha yenye ncha juu na vioo vya rangi. Nilikaa chini ya roshani, mahali ambapo wale 200 hawakuruhusiwa, nikapiga makofi mara moja, kwa adabu. Mhudumu mmoja mzee akacheka akaniambia hufanya hivyo kila anayejua. Nilikuwa nimeshayasikia makofi hayo miaka mingi kabla, Nairobi, kwa hiyo sikuwa na haja ya kuyarudia.

Niliporudi nyumbani nilianza kuangalia kumbi zetu kwa jicho jingine. Miji mingi ya Kenya ilikuwa na ukumbi wa jamii. Mashamba ya chai yalikuwa nao pia, ambapo wafanyakazi walitazama sinema za ukutani, wakafanya harusi, na Jumamosi bendi zikapiga mpaka alfajiri. Kericho ilikuwa na utajiri wake wa pekee, maana pale mjini kulikuwa na duka na studio ya Chandarana, iliyorekodi wapiga gita wa Kikipsigis na Kijaluo na wengine wengi kwenye santuri. Santuri zile zinatafutwa leo na watu wa Ulaya kwa bei kubwa. Kumbi zilikopigwa nyimbo hizo hazitafutwi na yeyote.

Kulikuwa na mwalimu mstaafu wa shule ya msingi aliyenifundisha kusoma, na ambaye ujanani alipiga gita katika bendi moja ya mashambani. Alikuwa na wimbo mmoja uliojulikana wilaya nzima. Wanawe waliniomba nimrekodi kabla umri haujamshinda, wakataka nimpeleke Nairobi, nimwekee kinanda na ngoma za kompyuta ili asikike kisasa. Nikaenda kumwona.

"Mwalimu," nikamwambia, "ningependa tukurekodie kule ukumbini, mlikokuwa mkipiga."

"Msichana wangu, kule siku hizi wanaweka mbolea."

"Nimeenda kuangalia. Imejaa upande mmoja tu."

Akafikiri. "Na watu?"

"Tutawaalika. Wachache."

"Basi wasizidi wale wanaokumbuka," akasema, kisha baada ya kitambo akaongeza, "na wajukuu wao."

Yale magunia ya mbolea yalinisaidia kuliko mtambo wowote niliokuja nao. Ukumbi wa mbao na mabati hurudisha sauti kwa ukali, na ukuta wa magunia nyuma uliulainisha ule ukali bila kuuua. Nilitega maikrofoni mbili tu mbele ya wapigaji wote, na nyingine mbili mbali kwa ajili ya chumba. Mwalimu alikaa kwenye kiti cha jikoni alicholetewa kutoka nyumbani. Sauti yake ilikuwa imeshuka sana, kwa hiyo tulishusha ufunguo wa kila wimbo, na kijana wa kwaya ya kanisa akashika sauti ya juu aliyokuwa akiishika yeye zamani. Nilimwona Mwalimu akimgeukia kijana huyo katikati ya wimbo na kumpa mstari wake mwenyewe auimbe. Hakuwa amepanga. Mzee ambaye ameimba wimbo maisha yake yote akiutoa mkononi hivyo, mbele ya watu wake, anakuwa amefanya kazi kubwa kuliko kuuimba.

Kericho mvua huja alasiri. Tulianza asubuhi ili tuikwepe, lakini wazee walikuwa na mengi ya kusalimiana, na wimbo wa mwisho ukatukuta. Matone yakaanza kwenye mabati, kisha yakawa mengi. Nikainua mkono kusimamisha. Mwalimu akatikisa kichwa, akasogeza kiti karibu na maikrofoni, akawaashiria wenzake wapunguze, akaendelea na gita lake na sauti yake tu, mvua ikiwa juu yake. Baadaye, tukisikiliza, nilimwambia kuna njia za kuipunguza.

"Kwa nini uipunguze? Ukumbi ule umenyeshewa tangu nikiwa kijana. Mtu wa hapa asiposikia mabati, atajuaje tulikuwa wapi?"

Tuliiacha. Nakala tulizotengeneza zilikwisha, na wimbo wa mvua ndio unaoombwa zaidi redioni.

Ukumbi haukuokoka. Mwaka uliofuata waligawa ndani kwa mbao za ofisi, wakaweka dari ya chini, na sauti niliyoikuta humo haipo tena isipokuwa katika kanda yetu. Nimejiuliza sana kwa nini kule ilikuwa hivyo na huku hivi. Wimbo unaweza kuwaonyesha watu thamani ya nyumba. Kuikarabati kunataka mwenye nyumba mwenye fedha, mji unaojua kwamba muziki unauleta mgeni na mgeni hulala na hula, na sheria inayomzuia mtu kubomoa kabla ya kuulizwa. Nashville ilikuwa na hayo matatu. Sisi tuna la kwanza hapa na pale, la pili tunalisema kwenye makongamano, na la tatu liko vitabuni: Kenya ina sheria ya turathi na makavazi ya taifa yenye uwezo wa kuliombea jengo ulinzi. Sijaona ikitumika kwa ukumbi wa dansi. Ngome na makanisa ya wamisheni hulindwa. Mahali ambapo wafanyakazi wa chai walicheza Jumamosi hapahesabiwi kuwa historia. Kaunti zetu zina maafisa wa utamaduni. Ningewaomba waanze na orodha tu: kumbi zilizobaki, nani aliimba humo, paa liko hali gani. Orodha haigharimu dola milioni 8.5. Nimekwisha kuanza yangu, na nimempelekea afisa mmoja nakala.

Mwalimu aliniita tena majuzi. Anataka turekodi nyingine, safari hii katika kanisa la zamani la mawe juu ya kilima, ambalo lina mwangwi anaoukumbuka tangu ubatizo wake. Nikamuuliza kama ataimba kile kibao chake, maana watu wanaulizia.

"Hicho wanacho," akasema. "Nimetunga vinne vipya. Niletee yule kijana wa kwaya, na umtafute mtu anayejua chepkong."

Wa chepkong nimempata Bomet. Ni mwanamke, na tunaanza msimu wa kiangazi.